Mbio za magari za kimataifa: mji uendelee nazo au uziache? Ulinganisho kwa watu wa Tanga

Mwaka 2023 serikali ya jimbo la Victoria, Australia, ilitoa zaidi ya dola milioni 100 za nchi hiyo kuziba pengo la mbio za magari za Formula One za siku nne jijini Melbourne. Mwaka huohuo Cape Town iliandaa Formula E, yaani mbio za magari ya umeme, kwa mara ya kwanza. Kalenda iliyofuata ikatoka bila jina lake. Na jirani zetu wa Naivasha wakapokea tena Safari Rally pamoja na wageni wake, vumbi lake na ubishi wake. Miji hii mitatu iko mbali mbali, lakini wakazi wake wanaulizana jambo moja: tuendelee nazo au tuziache?

Sisi Tanga hatujafika hapo, ila tunasogea. Bandari imeongezwa kina kutoka mita 4 hadi 13, bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, na wageni ambao zamani walipitia Dar es Salaam sasa wanashuka stendi ya Kange moja kwa moja. Msimu wa Safari ukifika, vijana wa bodaboda pale Ngamiani wanashikiana simu kutazama Toyota zikipasua vumbi, na lazima mmoja aulize kwa nini gari zile zisije kwetu. Ana haki ya kuuliza. Naipenda Tanga na napenda magari, ndiyo maana nataka jibu lipatikane mapema, kabla mtu hajatuletea mkataba wenye picha nzuri na tarehe ya mwisho ya kusaini.

Ninazoziweka mezani ni njia tatu. Ya kwanza ni mbio za lami katikati ya mji, kama Melbourne. Ya pili ni rali ya barabara za vumbi nje ya mji, kama Naivasha. Ya tatu ni kuachana na magari kabisa, nguvu na fedha ziende kwenye michezo ambayo Tanga inayo tayari.

Fedha zinaingilia wapi, zinatokea wapi

Wengi hudhani mwenye mji ndiye mwenye mapato. Kwenye Formula One si hivyo. Kampuni yenye haki za kibiashara za mashindano hubaki na fedha za televisheni, na kwa kawaida mabango yanayozunguka njia ni yake pia. Mwandaaji wa mji hulipa ada ya uenyeji, ambayo mara nyingi mkataba unaipandisha mwaka hadi mwaka, na kinachobaki mkononi mwake hasa ni tiketi. Kama saketi, yaani njia ya mbio ya kuzunguka, ni ya barabarani, kuta za zege, uzio, majukwaa ya watazamaji na madaraja ya waenda kwa miguu huletwa, hufungwa, kisha hubomolewa, na mwakani kazi inaanza upya.

Melbourne ndiyo darasa zuri kuliko yote, kwa sababu mambo yake yamejadiliwa hadharani kwa miaka karibu 30. Mbio zilihamia pale mwaka 1996 kutoka Adelaide, zikawekwa Albert Park, bustani ya umma inayozunguka ziwa. Sheria maalumu ya mwaka 1994 ilizipa kinga dhidi ya taratibu nyingi za mipango miji na mazingira ambazo mradi mwingine wowote ungezifuata. Wakazi wa jirani walifunga riboni za njano kwenye miti, wakaandamana, baadhi yao wakakamatwa. Kikundi chao, Save Albert Park, hakijanyamaza.

Mwanzoni fungu la serikali lilikuwa dogo. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 2010 lilikuwa limevuka dola milioni 50 kwa mwaka, na 2023 likavuka 100. Upande wa pili, waandaaji walitangaza mahudhurio ya zaidi ya watu 450,000 kwa siku nne za mwaka 2024, hoteli zikajaa, na jina la mji likazunguka dunia. Wapinzani wanasema hesabu hiyo ni makadirio, kwamba watu hawakupita mlangoni mmoja mmoja wakahesabiwa. Serikali haikutikisika: mwaka 2022 ilirefusha mkataba hadi 2037.

Mwezi Machi 2020 yalitokea mengine. Mfanyakazi mmoja wa timu ya McLaren alipimwa akakutwa na korona, na asubuhi ya Ijumaa, mashabiki wakiwa tayari wamepanga foleni getini, mbio zikafutwa. Mwaka 2021 hazikufanyika pia. Majukwaa yale ya 2020 yalikuwa yameshajengwa.

Kwa maoni yangu Melbourne inaweza kuendelea, maana inaweza kubeba hasara. Ni mji wa watu takriban milioni 5, una uwanja mkubwa wa ndege, una mashindano makubwa ya tenisi kila Januari, na hoteli zake zinajua kazi. Hata hivyo pengo halizibiki bila hazina ya jimbo. Mtu akija kuniambia mbio za lami zitajilipa zenyewe Tanga, nitamwomba anionyeshe kwanza kwa nini hazijajilipa kule.

Walioacha, na namna walivyoacha

Adelaide ilinyang'anywa, haikuacha kwa hiari. Ilikuwa mwenyeji tangu 1985 hadi 1995, na wenyeji wakaumia roho kweli. Lakini angalia walichofanya: mwaka 1999 walizitumia barabara zilezile, kwa njia iliyofupishwa, kuandaa mbio za magari ya Kiaustralia ya Supercars. Serikali ya jimbo ikazifuta mwaka 2020. Mbio zikaingia kwenye kampeni za uchaguzi wa 2022, upinzani ukaahidi kuzirudisha, ukashinda, na Desemba ya mwaka huohuo zikarudi. Kwa hiyo mji ulipoteza mashindano makubwa ya dunia na bado ukabaki na mchezo ambao wananchi walikuwa tayari kuupigia kura. Mimi naona hicho ni kipimo kizuri kuliko takwimu yoyote ya watalii: kama mbio zikiondoka, je, wenyeji watazidai?

Malaysia iliacha kwa utulivu. Saketi ya Sepang, iliyo karibu na uwanja wa ndege wa Kuala Lumpur, ilipokea Formula One kuanzia 1999. Ada ikapanda, tiketi zikashuka, na serikali ikaamua 2017 uwe mwaka wa mwisho, mwaka mmoja kabla mkataba haujaisha. Hawakubomoa kitu. Mbio za pikipiki za MotoGP, ambazo Wamalaysia wanazipenda zaidi, zikaendelea palepale.

Valencia ya Hispania inatugusa zaidi kwa sababu ni mji wa bandari. Mwaka 2008 walizungusha njia ya mbio kando ya bandari, na kiongozi wa jimbo alikuwa ameahidi kwamba walipakodi hawatatoa hata senti. Wakatoa, tena nyingi. Mwaka 2012 mbio zikafanyika kwa mara ya mwisho, na vipande vya njia ile vikabaki vimetelekezwa, uzio umeng'olewa na majani yameota kwenye lami. Ardhi ya kando ya bandari ni mali ghali kuliko zote mjini, na kwa miaka haikuwa ya mbio wala ya wakazi.

Singapore iko tofauti na wote. Inaandaa usiku tangu 2008, serikali hubeba sehemu kubwa ya gharama, takriban asilimia 60, na hoteli hukatwa tozo maalumu siku za mbio, kubwa zaidi kwa hoteli zilizo kando ya njia. Huo ni uadilifu wa kuigwa: anayefaidika zaidi ndiye anayechangia zaidi. Ila unahitaji hoteli za Singapore.

Rali ni kitu kingine

Watu huchanganya, wakadhani mbio za magari zote ni moja. Kwenye saketi gari zote zinazunguka pamoja mahali pamoja. Kwenye rali kila gari, lenye dereva na msoma ramani wake, huondoka peke yake baada ya dakika kadhaa na kupimwa muda kwenye kipande cha barabara kilichofungwa, kinachoitwa hatua. Kutoka hatua moja hadi nyingine wanaendesha barabara ya kawaida na kufuata sheria za barabarani kama bajaji na daladala. Kabla ya mashindano wanaruhusiwa kupita njia kwa mwendo wa kawaida na kuandika kila kona. Hakuna jukwaa la zege la kujenga. Barabara yenyewe ndiyo uwanja.

Na kwetu rali si mgeni. Safari ilianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Zama zile barabara hazikufungwa: gari la mashindano lilikutana na basi, ng'ombe na mtu wa baiskeli. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliishinda mara tano, mara ya mwisho mwaka 1982, na wazee wengi wa pwani bado wanataja jina lake bila kuulizwa. Baadaye mbio zikabaki Kenya peke yake. Mwaka 2002 zikafanyika kwa mara ya mwisho kwenye ubingwa wa dunia, zikaondolewa kwa matatizo ya fedha na maandalizi, na zikarudi 2021 baada ya serikali ya Kenya kukaa mezani na kubeba mzigo.

Naivasha haikujenga saketi. Chuo cha mafunzo cha shirika la wanyamapori la Kenya kikawa kambi ya timu na gereji ya pamoja, na hatua zikapita mashamba makubwa na hifadhi za watu binafsi kama Kedong, Loldia na Soysambu. Mji una hoteli nyingi kandokando ya ziwa kwa sababu mikutano ya Nairobi humalizikia pale miaka yote. Wenye boti, wachoma nyama na wenye nyumba za wageni wanafanya biashara. Malalamiko nayo yanajulikana: bei ya chumba inapaa hadi mgeni wa kawaida anakosa pa kulala, barabara ya Nakuru inajaa, na takataka zinabaki baada ya gari kuondoka.

Mfadhili mkuu pale ni serikali ya nchi, si halmashauri ya mji, na tofauti hiyo nataka ishikwe vizuri. Naivasha imepewa sherehe ambayo bili yake inasomwa Nairobi. Siku Nairobi itakapochoka, Naivasha itabaki na ziwa lake, hoteli zake na mashamba yake, kama ilivyobaki miaka yote 19 ambayo mbio hazikuwepo kwenye ubingwa wa dunia. Haitabaki na uwanja mkubwa unaodai matengenezo. Kwa mji mdogo sioni kinga nzuri kuliko hiyo.

Sasa tuiweke Tanga mizanini

Nianze na mbio za lami mjini, maana hilo halihitaji muda. Njia pekee ya kupendeza kwenye televisheni ni ile ya ufukweni kuelekea Raskazone, yenye bahari upande mmoja na miti mikubwa upande wa pili. Hospitali ya rufaa ya Bombo iko njia hiyohiyo. Huwezi kuzungushia kuta za zege barabara ya hospitali ambayo mama wa Muheza, Pangani na Mkinga wanaletwa usiku wakiwa na uchungu wa kujifungua. Hata kama tungepewa fedha zote na mfadhili, bado jibu langu lingekuwa hapana. Ongeza gharama za Melbourne na magofu ya Valencia, basi mjadala wa njia ya kwanza umefungwa.

Rali ndiyo inayonishughulisha.

Toka mjini kwa barabara ya Segera, ukishaipita Pongwe, unaanza kuona mistari ya mkonge. Mmea huu uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 ndiyo iliyofika hai, na kutokana na hiyo mkoa mzima ukabadilika sura. Mashamba yamekatwa vitalu, na kati ya vitalu kuna barabara za udongo mwekundu zenye upana wa trekta na tela lake. Zinanyooka mbali, kisha zinakata kona ya ghafla kwenye mtaro au reli ya zamani ya troli. Dereva wa rali akiziona atatabasamu. Hazina nyumba kila baada ya hatua tano, mwenye shamba ni mmoja, na kuzifunga hakumkatishi mtu njia ya kwenda sokoni.

Lakini zina watu. Mkata mkonge anaamka alfajiri, analipwa kwa kipande, anafunga majani 30 kila mzigo na kuupanga kando ya barabara hiyohiyo ili tela liupeleke korona, yaani kwenye mashine ya mkonge, ukachambuliwe nyuzi. Barabara ikifungwa siku tatu kwa mashindano, tela halipiti, korona inasimama, na mtu wa kipande hana mshahara wa kusubiria nyumbani. Mwenye shamba atalipwa kwa kukodisha barabara zake. Mkataji je? Sijawahi kusikia mwandaaji wa mbio popote akiweka fungu la watu wa namna hii, na kwangu hili ni sharti la kwanza kabla ya ada ya uenyeji kutajwa. Idadi yao iko kwenye daftari la shamba, kipande chao kinajulikana bei. Fidia yao ni hesabu ya asubuhi moja.

Nililizungumza hili na mama lishe mmoja wa Pongwe ambaye wateja wake wengi ni madereva wa malori ya bandarini. Nilidhani atafurahia wageni. Akaniambia, "Mwanangu, hizo gari zikipita hapa, barabara si itafungwa? Sasa malori yatasimama wapi na mimi wali wangu nimpe nani?" Nikamweleza kwamba barabara kuu haifungwi, zinafungwa zile za ndani ya mashamba tu. Akatulia, akasema basi waje, ila waambiwe mapema, maana kuku hanunuliwi siku ya mnuso. Maneno yake yamebeba masharti mawili makubwa: barabara ya Tanga hadi Segera isiguswe, hasa sasa malori ya bandari yanavyozidi, na ratiba itangazwe miezi kabla, si wiki.

Kuna sehemu nyingine zinazotamanisha ambazo ningezikataa. Barabara ya Mombo kwenda Lushoto ina kona za kumfanya mpiga picha alie kwa furaha, lakini ndiyo njia ambayo malori ya kabichi, karoti na matunda ya Usambara yanashukia kwenda Dar es Salaam. Ukiifunga nusu siku, mboga zinaoza na mkulima ndiye anayekula hasara. Amani nayo ni msitu wa hifadhi, nyumbani kwa ua la Usambara, kile kiua cha zambarau ambacho leo kiko kwenye madirisha ya Ulaya. Saadani ni hifadhi ya taifa inayogusa bahari, na tembo hawasomi ratiba. Mashamba ya mkonge yanatosha.

Kuhusu usalama wa watazamaji, hapa nasema kwa msisitizo wote nilio nao. Watu wetu wanapenda kusogea. Tumezoea kusimama ukingoni mwa lami kupokea mwenge, harusi na timu iliyoshinda. Mwezi Machi 1986, kwenye Rali ya Ureno karibu na Sintra, watu walisimama hivyohivyo, wengine wakinyoosha mikono waguse gari. Ford moja ikawashinda waliokuwa ndani, ikaingia kwenye umati. Watatu wakafa, zaidi ya 30 wakajeruhiwa, na timu kubwa zikajitoa siku ileile. Tangu hapo utaratibu umekaza: magari ya usalama yenye namba sifuri hutangulia kukagua njia, kila hatua ina daktari na gari la wagonjwa, na hatua inafutwa kama umati hausogei. Tanga ingehitaji watu wa kusimamia umati waliofundishwa wiki nyingi kabla, wanaoongea na watu kwa lugha ya mtaani, na ambao mwenyekiti wa kijiji anawajua kwa majina. Askari waliotoka mbali asubuhi hiyo hawatoshi.

Hoteli zetu ni chache ukilinganisha na Naivasha. Dar es Salaam iko takriban kilomita 350, kwa hiyo mgeni hawezi kulala kule na kuja asubuhi kama wa Nairobi anavyofika Naivasha. Hili linatuelekeza kwenye ukubwa. Ubingwa wa dunia, hapana. Raundi ya ubingwa wa Afrika, unaosimamiwa na FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, tangu 1981 na wenye magari machache, timu ndogo na wafuasi wanaoweza kulala Muheza na Korogwe, hiyo ni saizi yetu. Tumeitwa mji wa waja leo waondoka leo, na wageni wa mbio ndio hao hasa; basi waje idadi ambayo tutaweza kuilaza na kuilisha bila kumfukuza mwanafunzi kwenye chumba chake cha kupanga.

Na baiskeli?

Njia ya tatu naitaja kwa ufupi ila kwa heshima. Tanga ni mji wa baiskeli: ardhi yake tambarare, wazee wanaenda sokoni nazo, watoto wanaenda shule nazo, mafundi wako kila mtaa. Mbio za baiskeli au za ngalawa zinahitaji asubuhi moja ya kufunga barabara na mshindi anaweza kuwa kijana wa Makorora. Hazina ada ya uenyeji. Udhaifu wake ni kwamba hazileti televisheni ya nje wala wadhamini wakubwa. Mtu anayetaka jina la mji lisikike Nairobi na Kigali hatalipata haraka kwa baiskeli. Anayetaka mchezo ambao wenyeji wanashiriki, badala ya kushangilia wageni tu, atalipata.

Uchague nini, kulingana na ulipo

Kama wewe ni mwenye nyumba ya wageni, rali itakupa siku nne au tano nzuri kwa mwaka. Usijenge vyumba kwa mkopo ukitegemea siku hizo. Naivasha inaishi kwa mikutano ya mwaka mzima, mbio ni nyongeza.

Kama ni kijana fundi magari, rali ndiyo itakayokufaa kuliko vyote, maana timu ndogo za Afrika huhitaji mikono ya wenyeji, na karakana ya kando ya barabara hujifunza zaidi kwenye kambi ya gereji kwa siku tatu kuliko kwenye video za simu. Ningependa mkataba utaje nafasi hizo kwa idadi.

Kama ni mkulima au mkata mkonge, baiskeli haikudhuru na haikusaidii, rali inaweza kukufanyia lolote kati ya hayo kutegemea kilichoandikwa. Ulizia fidia kabla ya kupiga makofi.

Kama ni diwani, usitazame idadi ya wageni iliyo kwenye ukurasa wa kwanza wa pendekezo. Tafuta ada ya uenyeji iko ukurasa gani, inapanda kwa asilimia ngapi, na nani analipa mbio zikifutwa wiki ya mwisho. Tazama pia matengenezo: rali hupita hatua ileile zaidi ya mara moja, na gari za nyuma huchimba mifereji kwenye udongo. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, au shamba wasiachiwe kazi hiyo. Greda la mwandaaji libaki mpaka barabara irudi ilivyokuwa.

Nachagua rali ndogo, kwenye mashamba ya mkonge, kwa mkataba usiozidi miaka mitatu, na hesabu zote zibandikwe ukutani kila mwaka kabla ya kuamua kama tunaendelea. Miaka mitatu inatosha kujua. Ya kwanza watu wanashangaa tu. Ya pili wanaanza kununua kuku mapema. Ya tatu utajua kama wadhamini wamerudi bila kubembelezwa na kama kijiji cha njiani kinauliza tarehe chenyewe. Fungu la mji likiwa linakua mwaka hadi mwaka huku la wadhamini linapungua, tuache kama Malaysia ilivyoacha, kabla mkataba haujatufunga zaidi.

Tarehe nayo ichaguliwe na wenyeji. Kenya ilirudisha Safari kwenye wiki ya Pasaka mwaka 2024, na tope ni sehemu ya sifa yake. Sisi masika yakishika, udongo mwekundu wa mashamba unageuka uji, tela la mkonge lenyewe linakwama, na gari la wagonjwa lingekwama nalo. Iwe Julai au Agosti, barabara zikiwa kavu na kabla vuli haijaanza kutishia. Vumbi litakuwa kali, kwa hiyo maji ya kumwagia barabara karibu na makazi yaingie kwenye bajeti ya mwandaaji tangu siku ya kwanza, na vijiji vitakavyopitiwa vipewe ramani ya hatua, saa za kufunga na saa za kufungua, na namba ya simu ya mtu atakayepokea.